Madaraka yaliyopelekwa Rubafu na yale yaliyorudi Dodoma

MKULIMA wa Rubafu, kata iliyo kaskazini mwa mji wa Bukoba kando ya Ziwa Victoria, ana viongozi wengi kuliko anavyoweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Yuko mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti wa kijiji, mtendaji wa kijiji, mtendaji wa kata, diwani, ofisa tarafa, mkurugenzi wa halmashauri, mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa. Juu yao wote iko Dodoma.

Katika orodha hiyo ndefu, watatu tu ndio anaowapigia kura: mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti wa kijiji na diwani. Waliobaki ama wameajiriwa ama wameteuliwa. Mkurugenzi, ambaye ndiye mtendaji mkuu wa halmashauri na ndiye mwenye saini ya fedha, huteuliwa na Rais. Wakuu wa wilaya na mkoa vilevile.

Hapo ndipo mjadala wa mgawanyo wa madaraka kati ya Serikali Kuu na Serikali za Mitaa unapopaswa kuanzia, ingawa mara nyingi huanzia mbali zaidi. Kwa miaka mingi Watanzania wamebishana kuhusu serikali mbili au tatu, kuhusu majimbo, kuhusu Muungano na Zanzibar. Ni mabishano ya haki, lakini hayakuwahi kumpa mkazi wa Rubafu jibu la swali dogo alilonalo kila msimu wa mvua: barabara ya kijiji ikikatika, nani mwenye mamlaka ya kuamua itengenezwe lini?

Kabla ya mwaka 2017 jibu lilikuwa halmashauri ya wilaya. Halmashauri ilikuwa na idara ya ujenzi na mhandisi wake, na diwani aliweza kusimama kwenye baraza na kumbana mhandisi huyo mbele ya wenzake. Julai 2017 ukazinduliwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, na barabara hizo zikahamia huko pamoja na wahandisi, mitambo na fedha zake. Miaka miwili baadaye, chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, maji ya vijijini nayo yakahamishiwa kwa wakala mwingine, RUWASA.

Kwa maneno mengine, katika muda wa miaka miwili halmashauri zilipoteza mambo mawili ambayo mwananchi wa kijijini huyataja kwanza akiulizwa shida zake. Hayakuhamia kwa wananchi. Yalihamia kwa taasisi ambazo mameneja wake hawawajibiki kwa baraza la madiwani.

Serikali ilikuwa na hoja zake, na hazikuwa dhaifu. Fedha za barabara zilizopelekwa halmashauri zilitumika vibaya mahali pengi, wahandisi walikuwa wachache, na kazi nyingi zilikuwa chini ya kiwango. Aidha, baada ya kuhamishwa, fedha zimeongezeka. Mwaka 2021 iliongezwa tozo ya Sh100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizo za vijijini na mijini, jambo ambalo hakuna halmashauri ambayo ingeweza kulifanya kwa nguvu zake. Mwenye pikipiki anayesafirisha abiria kutoka vijiji vya Bugabo kwenda mjini Bukoba hajali sana kama greda limeletwa na mkurugenzi au na meneja wa wakala, alimradi limefika.

Tatizo linakuja pale ambapo halikufika. Mwananchi humwendea diwani, kwa sababu ndiye aliyemchagua na ndiye anayemjua nyumbani kwake. Diwani hana fungu, hana mhandisi, hana mtambo. Ana mdomo tu. Baada ya miaka mitano huhukumiwa kwa kura kwa ajili ya barabara ambayo haikuwa yake.

Historia inayojirudia

Kwa wazee wa Bukoba jambo hili si geni. Katika enzi za Mwingereza, watu wa Buhaya walitawaliwa kupitia kwa Bakama wao, huku Rubafu ikiwa katika eneo la Bugabo. Serikali ya kikoloni ilizipa himaya hizo jina la mamlaka za wenyeji, zikawa na mahakama na hazina zao. Lakini mwaka 1937, zilipotolewa kanuni za lazima za namna ya kutunza mibuni na migomba, wakulima waliona wazi kwamba amri ilitoka kwa mkoloni na Mkama alikuwa mdomo wake. Wakagoma na kufanya fujo, na ghasia hizo zimeandikwa katika historia ya siasa za Tanganyika.

Baada ya Uhuru, utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963 na nafasi yao ikachukuliwa na halmashauri za wilaya. Halmashauri zilipewa mzigo mkubwa wa shule za msingi, zahanati na barabara, na zikaachiwa mapato ya kodi ya kichwa na ushuru wa mazao. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mapato hayo yaliondolewa. Bila fedha zikashindwa kazi, na kushindwa huko kukawa sababu ya kuzifuta. Mwaka 1972, kwa mpango uliopewa jina zuri la Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa na kazi zake zikakabidhiwa kwa wakurugenzi wa maendeleo waliotumwa na Serikali Kuu.

Jina lilisema madaraka yanakwenda mikoani. Kilichokwenda mikoani ni watumishi wa wizara. Miaka minne baadaye, mwaka 1976, vyama vikuu vya ushirika navyo vilivunjwa, na Bukoba, yenye chama kikuu cha kahawa kilichoundwa mwaka 1950, ikabaki bila chombo chake chochote kikubwa, si cha siasa wala cha uchumi. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye maamuzi yote mawili yalikuwa yake, alikiri mwaka 1984 kwamba kufuta Serikali za Mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa.

Wakati huo sheria za kuzirejesha zilikwishapitishwa. Sheria Namba 7 ya mwaka 1982 ilihusu mamlaka za wilaya, Namba 8 mamlaka za miji na Namba 9 fedha zake. Halmashauri zilianza kazi upya mwaka 1984, na ibara za 145 na 146 za Katiba zikaingizwa kuzilinda. Ibara ya 146 inataja madhumuni yake bila kuficha: kupeleka madaraka kwa wananchi.

Ni ibara fupi. Haisemi madaraka gani, wala haisemi fedha kiasi gani.

Kahawa na ushuru wake

Fedha ndiyo kiini cha jambo lenyewe, na huko Bukoba fedha huanza na kahawa.

Halmashauri hutoza ushuru wa mazao, unaolipwa na mnunuzi. Kwa miaka mingi kiwango chake cha juu kilikuwa asilimia 5. Mwaka 2017 Bunge lilishusha hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Hesabu yake ni rahisi. Kahawa ya Sh1 milioni ambayo iliipatia halmashauri Sh50,000 sasa ikaipatia Sh30,000. Mkulima alitarajia tofauti hiyo ingeonekana katika bei yake, na lengo la Bunge lilikuwa hilo. Lakini halmashauri iliyokwisha kupanga bajeti ya zahanati kwa kutegemea Sh50,000 haikupewa chombo cha kufidia Sh20,000 zilizopotea.

Hilo halikuwa pigo la kwanza. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ilifutwa nchi nzima pamoja na utitiri wa ushuru mdogomdogo. Wananchi walishangilia, na kwa haki, kwani ukusanyaji wa kodi ile uliambatana na migambo kuvizia watu njiani na kuwafungia ofisini kwa mtendaji. Serikali Kuu iliahidi ruzuku ya kufidia pengo. Tofauti kati ya kodi na ruzuku haikuelezwa kwa wananchi: kodi halmashauri huikusanya yenyewe na kuijua, ruzuku huisubiri. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulianza kuhamishiwa Mamlaka ya Mapato, TRA, na tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia umeme wa LUKU. Kodi hiyo ilikuwa muhimu zaidi kwa Manispaa ya Bukoba kuliko kwa vijiji vya Rubafu, lakini mwelekeo ni uleule.

Uamuzi wa nani anunue kahawa nao si wa halmashauri. Katika msimu wa 2018/19 Serikali iliagiza kahawa yote iuzwe kupitia vyama vya msingi na vyama vikuu vya ushirika, na wanunuzi binafsi wakazuiwa kuingia vijijini. Lengo moja lilikuwa kukomesha butura, ule mtindo wa mkulima mwenye shida kuuza kahawa ingali maua kwa bei ya kutupa. Lakini mkulima aliyesubiri malipo ya chama kwa miezi, huku ng'ambo ya mpaka wa Uganda kuna mnunuzi mwenye fedha taslimu mkononi, alijua la kufanya usiku. Kila gunia lililovuka kwa magendo liliondoka na ushuru wake. Halmashauri haikuwa na sauti katika kupanga utaratibu wa soko, haikuwa na sauti katika bei ya Kampala, na bado ndiyo iliyoona pengo katika kitabu chake cha mapato.

Ziwani hali haitofautiani sana. Halmashauri hutoa leseni za uvuvi na kukusanya ushuru kwenye mialo, na vijiji vina vikundi vya usimamizi wa fukwe. Ukubwa wa macho ya nyavu, misimu na adhabu hupangwa na wizara kwa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Operesheni Sangara ya mwaka 2018, iliyoteketeza nyavu haramu kuzunguka Ziwa Victoria, ilikuwa amri ya wizara na ilitekelezwa na vikosi vilivyotoka nje ya vijiji. Samaki walihitaji kulindwa, hilo halina ubishi. Ila vikundi vya fukwe, ambavyo viliundwa ili kazi ya ulinzi ifanywe na wavuvi wenyewe, viligeuzwa watazamaji katika mialo yao.

Mkono unaolipa

Mwaka 2018 sheria iliweka wajibu kwa kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni fedha za halmashauri, lakini mgawanyo wake umeandikwa Dodoma. Aprili 2023, baada ya ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuonyesha mikopo mingi haikurejeshwa na vikundi vingine vilikuwa hewa, Serikali ilisitisha utoaji wake nchi nzima hadi mwaka 2024. Halmashauri iliyosimamia vizuri ilisimamishwa pamoja na iliyosimamia vibaya. Mwanamke wa Rubafu aliyekuwa akisubiri zamu ya kikundi chake alilipia makosa ya kikundi hewa ambacho hakukijua.

Bajeti ya mwaka 2021/22 ilileta jambo lingine lililopokewa kwa furaha na madiwani: posho zao za kila mwezi katika halmashauri 168 kati ya 184 zikaanza kulipwa na Serikali Kuu moja kwa moja. Kabla ya hapo diwani alitegemea mapato ya halmashauri yake na wakati mwingine kuzungushwa na mkurugenzi kwa miezi. Aliondolewa kero ya kweli. Lakini mwakilishi wa wananchi aliyekuwa akilipwa na mfuko wa wananchi wake sasa analipwa na Hazina, na ni vigumu kuamini kwamba hilo halibadilishi chochote katika ujasiri wake wa kuhoji.

Shule nazo zina mfano wake. Bukoba ina sifa ya zamani ya wazazi kuchanga na kujenga madarasa. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, na Rais John Magufuli alipopiga marufuku michango ya lazima shuleni Januari 2018, familia maskini zilipata nafuu kubwa, na watoto waliokuwa wakirudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango walibaki darasani. Papo hapo mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria ndio mamlaka ya juu kijijini, ulipoteza kwa tamko moja uwezo wa kukubaliana kuchangia na kuwabana wasiochangia. Nafuu na pigo vilikuja katika bahasha moja.

Tetemeko la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lililoua watu 17 na kubomoa maelfu ya nyumba mkoani Kagera, lilionyesha jambo hilohilo kwa sura ya huzuni zaidi. Misaada ilikusanywa kutoka ndani na nje ya nchi. Waliopoteza nyumba walidhani itawafikia. Januari 2017, akiwa Bukoba, Rais alieleza kuwa Serikali haitamjengea mtu nyumba, na kwamba kipaumbele ni taasisi za umma. Shule za sekondari Ihungo na Nyakato zilijengwa upya na ni za kupendeza. Iwapo uamuzi ule ulikuwa sahihi, watu wataendelea kubishana. Uliamuliwa na ngazi ya taifa, na mabaraza ya madiwani ya mkoa yalibaki kuwafafanulia wahanga.

Si kila cha mitaa ni cha wananchi

Wako wanaotetea madaraka ya mitaa kana kwamba jirani hawezi kuwa dhalimu. Historia ya Buhaya inakataa. Kwa miongo mingi wakulima wengi waliishi kama wapangaji katika mashamba ya nyarubanja, wakilipa kodi kwa Bakama na wakubwa wengine ambao walikuwa watu wa hapohapo, wenye lugha na mila ileile. Aliyewaondolea mfumo huo ni Serikali Kuu, kwa sheria za mwaka 1965 na 1968. Kama jambo lile lingeachiwa wakubwa wa Bukoba waamue, lingechukua muda mrefu zaidi.

Mfano wa karibu ni Manispaa ya Bukoba, ambako kati ya mwaka 2012 na 2014 baraza la madiwani liligawanyika vipande viwili kwa sababu ya miradi ya soko na viwanja, meya upande mmoja na mbunge upande mwingine, wote wa CCM. Ulihitajika ukaguzi maalumu wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, na mwishowe meya akaondoka madarakani Januari 2014. Kwa muda wote huo wafanyabiashara wa soko hawakupata soko jipya.

Majirani nao wana somo. Kenya, kwa Katiba ya mwaka 2010, iliunda kaunti 47 zenye magavana wa kuchaguliwa na kuzihakikishia si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kila mwaka Bunge la Taifa na Seneti huvutana kuhusu kiasi, na mwaka 2024 mvutano ulikuwa mkali baada ya Muswada wa Fedha kuondolewa kufuatia maandamano ya vijana. Rushwa imezifuata kaunti pia. Lakini mvutano hufanyika kwa sababu kaunti zina haki ya kudai, si ya kuomba. Uganda, iliyosifiwa kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997, ilirudi nyuma: mwaka 2005 ilifuta kodi ya kichwa na kurekebisha Katiba ili watendaji wakuu wa wilaya waajiriwe na Serikali Kuu.

Hapa nchini, wazo lililokaribia zaidi mfumo wa majimbo lilinadiwa na CHADEMA katika uchaguzi mkuu wa 2005. CCM ilijibu kwamba majimbo yangeleta ukabila na ukanda, na mjadala ukaishia katika hofu hiyo bila kugusa hesabu za fedha. Hata hivyo, jimbo lenye makao yake Mwanza lingekuwa karibu na Rubafu kwa meli, si lazima liwe karibu kwa uamuzi.

Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyokabidhiwa Desemba 2013, ilipendekeza serikali tatu. Haikuwa na sura ya kueleza Serikali za Mitaa, kwa hoja kwamba hilo si suala la Muungano na kila upande ungeliweka katika katiba yake. Kisheria hoja hiyo inaeleweka. Kisiasa, mjadala mkubwa kuliko yote wa madaraka katika kizazi hiki ulipita juu ya kichwa cha kijiji. Bunge Maalumu la mwaka 2014 lilibishana kwa wiki nyingi kuhusu idadi ya serikali za juu, na Katiba Inayopendekezwa haijapigiwa kura ya maoni.

Wakati huohuo ramani yenyewe hubadilika bila kijiji kuulizwa. Katiba inampa Rais uwezo wa kuigawa nchi katika mikoa na wilaya. Chato, iliyokuwa sehemu ya Biharamulo, ilihamishwa kutoka Kagera kwenda mkoa mpya wa Geita mwaka 2012. Mkoa ukabaki na halmashauri nane.

Uchaguzi wa vijiji na vitongoji wa Novemba 2019 ulisusiwa na vyama vikuu vya upinzani baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa. Ule wa Novemba 27, 2024 ulikuwa na malalamiko ya aina hiyohiyo. Mara zote mbili CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya nafasi. Uchaguzi wote wawili ulisimamiwa kwa kanuni zilizotungwa na waziri mwenye dhamana na TAMISEMI, na wasimamizi wake walikuwa watumishi wa umma wa halmashauri.

Hata sheria ndogo ina ngazi zake. Kijiji kikitaka kupiga marufuku mbuzi kuzurura mashambani, hupeleka sheria yake ndogo halmashauri ipitishwe. Halmashauri ikitaka kubadilisha ushuru wa mwalo, hupeleka yake kwa waziri.

Baraza la madiwani la Halmashauri ya Wilaya ya Bukoba hukutana kila robo mwaka. Mameneja wa TARURA na RUWASA hualikwa kutoa taarifa. Diwani wa Rubafu, kama mwenzake wa kata nyingine yoyote, ana haki ya kuuliza kwa nini kalavati halijawekwa. Meneja hujibu kwamba lipo katika mpango, au kwamba fedha hazijaingia. Katibu huandika jibu kwenye muhtasari, na baraza huendelea na ajenda inayofuata.